Sauti Iliyotangulia Gumbaro

Bi Waridi alikuwa amebana tumbo, na Sidonia alijua kwamba amebana. Ilikuwa hivyo kila walipopimana nguo: futi ikifika kiunoni, Bi Waridi anavuta pumzi na kukazia macho bati la kibaraza, na Sidonia anasoma namba, anaongeza nyingine kimoyomoyo, kisha anakata kitambaa kwa hiyo ya moyoni. Siku sare ikivaliwa, Bi Waridi huzunguka akijisifu kwamba hakuna fundi mwingine wa Dodoma anayemjulia mwili wake. Ujirani wao wa pale Msalato ulikuwa umestawi juu ya uongo huo mdogo, na hakuna aliyeona haja ya kuubomoa.

"Umeshamaliza?" aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeishiwa hewa.

"Bado kidogo, Mama Munir. Vumilia."

Gora la kitenge lilikuwa juu ya benchi, rangi ya chungwa iliyokolea, lenye majogoo meusi. Bi Waridi, ambaye anauza vitambaa mjini kama walivyouza babu zake tangu enzi za misafara, ndiye aliyelichagua. Kamati ya safari ilikuwa imelipitisha kwa makofi. Mtaa ule ulikuwa na kamati ya kila jambo: ya misiba, ya harusi, ya kuzibua mtaro, na sasa kamati ya safari ya Gumbaro. Wajumbe wake walikuwa ndio wasafiri wote, kwa hiyo hakubaki mtu hata mmoja wa kuongozwa.

Gumbaro ni hifadhi ya mawe. Ukishapita Farkwa unaendelea kwenda, hadi mahali ambapo mawingu ya mvua hupita juu kwa juu bila kushuka. Huko ni mchanga mwekundu na miiba, jangwa kwa kila hali isipokuwa kwenye ramani, na katikati yake yamesimama majabali ambayo hayafanani na mengine yoyote. Mengine yamebebana juu kwa juu. Mengine yamechongoka, na mengine yameinama kama watu walioko shambani. Tangazo lake lilikuwa linazunguka kwenye simu za watu tangu mwezi uliopita, lina muziki wa kinanda, na tangu hapo akina mama wa mtaa hawakuwa na mazungumzo mengine.

Bi Waridi aliachia tumbo lake, akachukua simu na kumfuata Mzee Romani, baba yake Sidonia, aliyekuwa amekaa pembeni akichambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mzee Romani. Hebu tazama kwenu walivyopapamba."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Romani alijifuta mikono, akaishika simu mbali na uso, akatazama picha ya kwanza. Akatazama ya pili. Alipofika ya mwisho alirudi tena mwanzo, akazipitia zote taratibu, kisha akamrudishia mwenyewe simu yake.

"Wamegeuka," alisema.

"Akina nani?"

"Wote. Hizo ni picha za migongo."

Bi Waridi alitazama tena, akakubali kwamba inawezekana. Sidonia aliacha mkasi akaja kutazama naye. Mzee aliweka kidole juu ya jabali moja kubwa lililoinamisha kichwa juu ya mwenzake, ambalo chini yake waliandika kwa herufi za dhahabu: Nundu ya Ngamia.

"Huyu ni mama," alisema. "Bibi yako, Sidonia."

"Mbona sasa wamemwita ngamia?" Bi Waridi aliuliza kwa uchungu, maana ngamia wenyewe huku hawapo.

"Hawajamwona uso. Mtu ukimwona mgongo tu utamwita lolote."

Basi akawaeleza, ingawa Sidonia alikuwa anajua. Katika ukoo wao wanawake hawakai kaburini. Mazishi yakishapita na udongo ukituama, mwanamke huinuka akaingia katika jabali, kila mmoja na la kwake, akakaa humo ameelekea korongo la mchanga, upande wanakotokea watu. Mama yake Mzee Romani alibatizwa Veneranda na alikufa na rozari mkononi, lakini naye alifanya kama wenzake, na katekista, aliyekuwa mpwa wake, hakuona sababu ya kulifikisha mbele. Anayekwenda kumsalimu husimama kule korongoni na kujitaja kwa sauti yake yote: yeye ni nani, wa nani, na kwamba hakuja na ubaya. Jabali likisikia, linageuka. Ndipo unapanda kijinjia kilichonyooka, unakaa mbele yake, unampa habari za nyumbani. Anayekuja kimya ni sawa na mwizi, na hakuna mama mwenye heshima zake atakayemwonyesha mwizi uso.

Hifadhi ilipoanzishwa, watu wa Gumbaro walipandishwa malori na majembe yao na kuku wao, wakashushwa kila mmoja alikoshushwa. Mzee Romani alikuja kwa binti yake Msalato. Waliokuja baada yao kutazama mawe walikuja kimya, kwa kuwa ndivyo walivyoagizwa. Mawe yalivumilia kwa muda, halafu moja baada ya jingine yakageuka, yakalaza vipaji vya uso.

"Nataka nimwone uso," Mzee Romani alisema. "Mara moja tu, basi. Mimi mwenyewe siko mbali na kuondoka, na sisi wanaume hatuna jabali. Nisipomwona sasa sitamwona tena."

Sidonia alijisikia furaha na uchungu vikimpanda kwa pamoja. Tangu baba yake ahamie kwake hajawahi kuomba kitu, si shati, si dawa, si kipande cha nyama. Chochote alichopewa alishukuru na chochote alichokosa alinyamaza. Sasa alikuwa ameomba, na macho yalikuwa yanamng'aa kama ya mtoto anayesubiri sikukuu. Siku ile Sidonia alishona sare nne bila kuinua kichwa, na alikuwa anaimba.

Kamati ilikutana kibarazani Jumapili baada ya misa. Munir, mtoto wa Bi Waridi, ambaye ndiye mwenye Kosta watakayosafiri nayo, alikuwa amepiga simu hifadhini kuulizia utaratibu. Alirudi na masharti mawili. La kwanza, mtu haruhusiwi kutoka nje ya njia ya wageni. La pili, kelele ni marufuku ndani ya hifadhi.

"Hata redio ya gari tunazima getini," Munir alisema. "Samahani, babu. Wanasema wageni wanakwenda kule kutafuta utulivu."

Kibaraza kizima kilimgeukia Mzee Romani. Mjumbe mmoja alipendekeza mzee anong'one. Mzee alimjibu kwa upole kwamba jiwe halisikii mnong'ono. Mwingine alipendekeza waombe kibali maalumu, wote wakacheka, hata aliyependekeza. Ndipo Bi Waridi, mwenyekiti, alipoweka kikombe chake chini.

"Tunajitisha bure," alisema. "Pengine hiyo sauti wala si kelele. Mzee wangu, hebu tusikie kidogo inavyokuwa, tujue tunabishania nini."

Hapo ndipo walipokosea, na aliyekosea zaidi ni Mzee Romani mwenyewe, kwa sababu alijua. Kujitaja hakufanyiwi mazoezi. Aliyejitaja ameshaondoka, na aliyeondoka harudi kuanza upya. Alilijua hilo tangu hajaota meno. Lakini akina mama walikuwa wamemzunguka, sare za kwanza za majogoo zinawaka juani, chai inanukia tangawizi, na ilikuwa miaka mingi hajatokea mtu wa kutaka kusikia lugha yake. Alisimama, akanyoosha shati, akaelekea kaskazini. Akajitaja kwa sauti yake yote, kwa Kisandawe, kama mtu aliyesimama korongoni.

Sauti ya kawaida hutoka, ikaenda kidogo, ikafa. Hii haikufa. Iliruka uzio wa minyaa, ikakata uwanja wa shule, na waliokuwa kibarazani waliisikia ikivuka barabara ya lami na mbwa wakiipisha. Ikaelekea Veyula. Walisubiri irudi, haikurudi. Mzee Romani alifungua mdomo kusema neno, na hakikutoka kitu ila vidoko.

Lugha yao ina vidoko vingi, vile vya ulimi kubanduka kwenye kaakaa, na kidoko hakihitaji koo. Sauti ilikuwa imeondoka na maneno yote, ikaviacha vidoko peke yake, kwa kuwa havikuwa mali yake. Sidonia, aliyelelewa katika lugha hiyo, aliweza kujaza yaliyokosekana.

"Imeondoka," aliwatafsiria. "Anasema imeondoka bila yeye. Imekwenda Gumbaro."

"Kwa miguu?" Munir aliuliza.

Mzee akapiga kidoko kimoja.

"Kwa miguu," Sidonia alitafsiri. "Ndivyo inavyotakiwa."

Bi Waridi alipiga makofi. Safari ile ilikuwa imeyumba wiki nzima kati ya mwezi huu na baada ya mavuno, na sasa ilikuwa imejipangia siku yenyewe. Sauti ikiwa imetangulia, wao watafanya nini ila kuifuata? Kamati ilipitisha kwamba wataondoka kwa kuhesabia mwendo wa sauti, ili waikute getini, na mkutano ukafungwa kwa vigelegele ambavyo Mzee Romani alishiriki kwa vidoko.

Siku zilizofuata Msalato haikulala kwa hamu. Simu zilianza kuingia tangu asubuhi ya kwanza. Mama mmoja wa Makutupora, mkulima wa zabibu, alisema sauti ya mzee imepita katikati ya mizabibu yake bila kuvunja hata kikonyo, na kwamba ina adabu. Vijana wa Mayamaya walisema imepumzika nao kivulini kwa sababu ya jua kali, ikawa inajitaja mara moja moja ili isisahau. Munir mwenyewe aliikuta huko mbele inapanda mlima. Alisimamisha Kosta akafungua mlango, abiria wakabanana kuipa nafasi, lakini ilikataa lifti. Ilipita dirisha kwa dirisha ikitaja jina la Romani mtoto wa Veneranda, ikaendelea na safari yake.

Sauti iliingia Chemba siku ya mnada, ikapotelea kwa madalali. Nusu nzima ya mchana haikujulikana iliko, na Mzee Romani hakula. Baadaye ikasikika imetokea upande wa pili wa zizi, baada ya mtu mmoja kudhani inataja bei na kukaribia kuiuzia mtamba. Habari hiyo ilipofika Msalato watu walicheka hadi wakashika mbavu, na Mzee Romani akaomba chakula.

Wakati wote huo cherehani ya Sidonia ilikuwa inaunguruma. Alishona magauni, akashona vilemba, akamshonea baba yake shati la kitambaa kilekile, lenye jogoo mmoja mzima kifuani. Mzee alilipiga pasi ya mkaa, akalitundika, akalitundua akalipiga tena. Bi Waridi alijitwika suala la pilau na hakutaka kusaidiwa. Palitokea mzozo mkubwa kuhusu mayai ya kuchemsha, kama yachemshwe siku hiyo au siku moja kabla, na mjumbe mmoja alitishia kujiuzulu, akabembelezwa, akabaki. Sidonia alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu arusi yake, na pengine hata siku ya arusi hakuwa nayo kiasi hicho.

Simu ya mwisho ilitoka kwa Optatus, binamu yake wa Farkwa.

"Dada, baba mdogo kapita hapa. Sauti yake, yaani. Nimetoka nje nikaikaribisha, nikaiwekea kigoda."

"Ikoje?"

"Imechoka kidogo, vumbi limeiingia. Ila inajua njia kuliko mimi. Mkitoka Jumamosi alfajiri mnaikuta."

Walitoka Jumamosi alfajiri. Waliimba Makutupora, wakaimba Mayamaya, na kule Chemba wakanunua ubuyu na kuendelea kuimba. Waliokuwa njiani waliwapungia mikono, maana Kosta nzima ilikuwa ya rangi ya chungwa, na walikwisha kuisikia sauti, wakajua hawa ndio wenyewe. Mzee Romani alikaa mbele kabisa karibu na Munir. Walipoiacha Farkwa na mchanga mwekundu ukaanza, alianza kupiga vidoko kuonyesha huku na huku, na Sidonia akiwatafsiria: hapa palikuwa na kisima, hapa nilichungia mbuzi, hapa nilishushwa kwenye lori ili lori lipunguze uzito, likapandisha, nikapandishwa tena. Wote waligeuza vichwa kila alipoonyesha, ingawa palikuwa na mchanga tu.

Geti la Gumbaro ni mnyororo kati ya nguzo mbili, kibanda cha tiketi na kibao. Liko pale pale kwenye ukingo wa korongo. Munir alizima redio. Askari wa zamu alikuwa kijana wa kutoka Kanda ya Ziwa, Thobias, mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri kiasi kwamba Sidonia alimheshimu kabla hajasema neno.

"Shikamoo, mzee."

Kidoko kikajibu.

"Amesema marahaba," Sidonia alieleza.

"Sauti yenu ipo," Thobias alisema. "Imefika jana mchana. Nimeiweka pale kivulini nyuma ya kibanda. Haina fujo. Ila nayo ni sauti, mama, na sauti haiingii ndani. Mimi nafuata maelekezo."

Sidonia alimwambia kwamba mzee huyu amezaliwa humo ndani. Thobias alisema hana shaka na hilo, wengi wanaokuja wamezaliwa humo ndani. Tatizo ni kwamba tiketi ziko za aina mbili tu, za wageni wa nchini na za wageni wa nje, na waliozaliwa humo hawajawekewa ya kwao. Basi wote wakahesabiwa kama wageni wa nchini, na Mzee Romani naye akakatiwa tiketi yake ya mgeni, akaiweka katika mfuko wa shati kwa uangalifu.

Ilibaki habari ya sauti. Mzee aliitazama pale kivulini. Angeweza kuimeza tena, lakini ingekuwa amemeza salamu ambayo haijafika, na salamu ya namna hiyo haisemwi mara ya pili. Bi Waridi, ambaye hajawahi kushindwa bei na mteja tangu arithi duka, alijitengeneza kilemba akamsogelea Thobias.

"Mwanangu, mpaka wa hifadhi ni huu mnyororo?"

"Ndiyo, mama."

"Na hapa niliposimama mimi?"

Thobias alitazama miguu yake. "Hapo ni barabara ya kijiji."

"Basi si ijitaje barabarani?"

Thobias alikisoma kibao upya, kuanzia juu. Alitazama mnyororo, akatazama barabara. "Barabarani sina mamlaka," alisema mwisho, na uso wake ulionyesha kwamba amefurahi kutokuwa nayo.

Kamati nzima iliruka juu bila kutoa sauti, viganja midomoni, majogoo yote yakicheza. Ilikubaliwa kwamba sauti isubiri hadi wao wafike juu, ndipo ijitaje. Mzee Romani alifunga kifungo cha shingoni. Sidonia alimshika mkono, wakavuka mnyororo pamoja.

Kijinjia cha zamani kilikuwa kinaonekana toka getini, kimenyooka toka korongoni hadi miguuni pa jabali. Kilikuwa kimezibwa kwa miiba na kibao cha kusema kwamba ardhi inapumzishwa. Njia ya wageni ilikwenda kwingine. Mwongoza wageni, binti mpole aitwaye Flaviana, aliwatangulia akinong'ona majina ya mawe, nao wakamfuata wakiwa wamejaa msisimko wa watoto wa shule, wakibinyana na kuonyeshana. Njia ilizunguka kilima chote. Kwa furaha aliyokuwa nayo Sidonia hakufikiria inazungukia wapi, na katika mikutano yote ile ya kibarazani hakuna mjumbe aliyeliuliza.

Ilizungukia nyuma. Jukwaa la kutazamia lilikuwa limejengwa upande wa pili wa jabali, mgongo wake ulipo, ili jua liwasaidie wapiga picha. Palikuwa na kamba ya kuzuia watu. Walijipanga nyuma ya kamba, na Nundu ya Ngamia ilikuwa pale mbele yao, karibu kabisa, kichwa kimelazwa juu ya jabali la jirani.

Kutoka mbali, ng'ambo ya kilima, sauti ikaanza kujitaja.

Ilikuwa imechoka lakini haikuruka neno. Ilisema ni Romani, mtoto wa Veneranda, haina ubaya, imekuja kumwona. Mchanga ulianza kuteremka toka mabegani mwa jabali. Kichwa kikainuka. Nundu ikanyooka ikawa mgongo wa mwanamke aliyekaa wima, na mama yake Mzee Romani akageuka kuelekea korongoni, anakotoka anayemwita. Majabali mengine nayo yakageuka, moja baada ya jingine, hadi ya mbali kabisa, yote yakitazama getini.

"Leo wameinuka," Flaviana alinong'ona. "Tafadhali tubaki nyuma ya kamba."

Akina mama walikuwa wanalia na kucheka huku wamejiziba midomo. Kisha kicheko kikapungua. Bi Waridi ndiye aliyeelewa kwanza. Alimnong'oneza Flaviana amruhusu mzee azunguke mbele, dakika moja tu, na Flaviana akatikisa kichwa. Njia ya mbele imefungwa, alisema. Hata yeye hajawahi kupita huko.

Veneranda alikuwa anatazama kijinjia cha zamani. Ameitwa, ameitikia, na sasa anamsubiri mtoto wake apande. Mtoto wake alikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa kwa fimbo, akiwa na tiketi mfukoni na koo tupu. Sidonia alitamani kupiga kelele hadi hifadhi ivunjike. Alimtazama baba yake akidhani atamwona amevunjika moyo, lakini Mzee Romani alikuwa anautazama ule mgongo kwa macho makavu, kwa makini, kuanzia shingoni kushuka chini. Mgongo huo alikuwa anaujua. Alikuwa amebebwa juu yake kabla hajajua kusema.

Akapiga kidoko. Akapiga kingine. Havikuwa kelele, na Flaviana hakuvikataza. Vilikuwa vile vidoko vidogo vya mtoto aliyeamka mgongoni na anataka mama ajue kwamba ameamka.

Veneranda hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kijinjia. Lakini alijiinamisha kidogo mbele, akajitikisa mara moja, namna mama anavyompandisha mtoto aliyeteremka mgongoni, kisha akakaa sawa akaendelea kusubiri. Changarawe kidogo iliporomoka.

Alisubiri kwa muda mrefu. Hakuna aliyepanda. Mwishowe akainama taratibu, akalaza kipaji cha uso mahali pake pa siku zote, na wenzake wakafanya hivyo hivyo. Flaviana aliwaonyesha kwa mkono kwamba muda wa kutazama umekwisha.

Walirudi na njia ileile. Pilau lililiwa chini ya kivuli cha Kosta, na lilikuwa zuri. Mzee Romani alikwenda nyuma ya kibanda, akapiga goti, akafungua mdomo, na sauti yake ikaingia. Alikohoa vumbi. Kisha akamfuata Thobias aliyekuwa amekaa penye mnyororo.

"Ulimwona?" alimuuliza. Sauti ilikuwa inakwaruza.

"Nilimwona, mzee. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Yukoje?"

Thobias alifikiri ili asikosee. "Mtu mzima. Mashavu yameingia ndani kidogo. Ana macho kama yako, na kipaji kipana. Alikuwa anaitazama ile njia yenye miiba, anatabasamu. Akatazama weee, hakuna anayekuja. Mimi nikaona vibaya, mama wa watu anakaa vile hana wa kumwitikia. Nikasimama nikampungia mkono."

"Akafanyaje?"

"Akatabasamu zaidi. Akaniitikia kwa kichwa, ndipo akalala."

Mzee Romani aliuchukua mkono wa Thobias, ule wa kupungia, akaushika kwa mikono yake miwili na hakuuachia haraka. Alimwambia asante. Thobias alimwacha aushike hadi Kosta nyingine ilipotokea barabarani na wageni wake, ndipo akamwomba mzee asogee pembeni, akaenda dirishani kwa dereva, akamwambia azime redio.